Hodi Chumbani Kwake

Fundi cherehani hakuwa mtu wa mzaha, lakini majirani walimtania kwa jambo moja: alipiga hodi kuingia chumbani kwake mwenyewe.

"Shoga, umeolewa au umepanga?"

"Nimepanga, na mwenye nyumba mkali," aliwajibu, wakacheka.

Mumewe alikuwa amerudi kutoka vitani mwaka wa tatu sasa, mzima wa viungo, hana hata kovu. Watu hao hao walimpokea kwa vigelegele, kisha wakamfanya kichekesho alipoanza kushona viatu mgongo ukiwa ukutani, akiruka kila mlango ulipojibamiza. Kumshangilia askari hakumgharimu mtu chochote. Kuishi naye ndiyo kazi, na kazi hiyo waliitupia mabegani mwa mwanamke mmoja. Hospitali nako walimpa vidonge vya usingizi, wakamwambia apumzike.

Basi fundi akaweka sheria: hakuna kumkaribia kimyakimya. Piga hodi, ngoja aitikie.

Binti yao wa miaka tisa hakuivunja hata siku moja. Wiki moja mafua yalimkausha sauti. Aliporudi kutoka shule mchana alimkuta baba amesinzia kitini. Akapiga hodi mara mbili, sauti haikutoka. Akamgusa bega.

Mama alisikia kishindo, akaiacha nguo kwenye sindano. Mumewe alikuwa amembana mtoto sakafuni, mkono shingoni, macho yakitazama mbali kabisa.

"Mume wangu, huyo ni mwanao. Ni mwanao huyo."

Alirudia mpaka mkono ukalegea.

Kesho yake wifi yake alikuja kumchukua mtoto.

"Atakaa kwangu mpaka kaka apone."

"Anatibiwa na nani, wifi, hata apone?"

"Mwache aende," mume alisema kutoka kitini, bila kugeuka. "Sikumwona mtoto mimi. Niliona mtu."

Mama akaingia kupanga nguo. Binti alimsogelea, akamnong'oneza, "Mama, nilikosea mimi?"

"Hukukosea."

"Baba je?"

Mama akakunja sare mbili za shule, akazitia begini, ya tatu akaisukuma chini ya mto, ili mtoto awe na cha kurudia. Wifi aliyekuwa mlangoni aliona. Akainua mto taratibu, akaitoa ile sare, akaitia begini pamoja na zile nyingine.