Ukurasa wa Mbegu ya Vitunguu Swaumu

Mume wangu alipofariki aliacha shamba la vitunguu swaumu hapa Bashay, ng'ombe watatu na wiki, yaani tovuti ambayo yeyote anaweza kuandika na kusahihisha alichoandika mwenzake. Ya kwetu ilihusu kilimo na mifugo. Wakulima wa Daudi na Endagikot waliandika humo, na wafugaji wa Hanang pia. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alinifundisha kuiendesha, na niliiendesha vizuri.

Nyumbani kwetu vitu vya marehemu havisogezwi mpaka ndugu wakae kumaliza msiba. Jembe lake liliegemea ukuta pale pale alipoliacha. Kwenye kompyuta, kila asubuhi lilitokea tangazo kwamba programu ya wiki ina toleo jipya la kuziba tundu la usalama. Nililisoma, nikalielewa, nikaliacha. Niliona kubadilisha programu aliyoiweka yeye ni sawa na kulisogeza lile jembe.

Mchana mmoja mzee mfugaji akanipigia simu kutoka Hanang.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama, nimefungua ukurasa wangu wa ugonjwa wa ndigana, nimeletewa kamari. Ng'ombe wangu wanabeti siku hizi?"

Nikafungua. Kweli, kamari tupu. Nikamwita shemeji, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta Katesh. Alikuja kesho yake, akaangalia kwa muda mrefu.

"Shemeji, mtu ameandika amri kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu ilipaswa kuichukua kama maneno ya kutafuta, basi. Hii ya zamani imeitekeleza amri. Imetii kama bibi harusi."

"Mimi sikuwahi kutii hivyo."

"Ndiyo maana kaka alinunua kompyuta." Tukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akauliza, "Tangazo hukuliona?"

"Nililiona. Miezi minne."

Hakunilaumu. Alisema tufute kila kitu, tuweke toleo jipya, turudishe kurasa kutoka kwenye nakala safi. Lakini nakala hiyo ilikuwa ya zamani kuliko ukurasa wa mwisho wa mume wangu, wa kuchagua na kupanda mbegu ya vitunguu swaumu, aliouandika akiwa kitandani hospitali.

"Kuhamisha faili siwezi, huenda amri imejificha humo," alisema. "Ukurasa wa kaka tuuhesabu umekwenda."

"Kwenye kioo unasomeka?"

"Unasomeka."

"Basi lete daftari."

Niliunakili kwa kalamu, neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Mkono wangu ulichukua kile tu jicho lilichoona. Nilipomaliza nikamwambia shemeji afute.

Tovuti ilipofunguka tena niliwaandikia waandishi wote wabadilishe maneno yao ya siri, na kwamba tundu lilijulikana na niliyeliacha wazi ni mimi. Wawili walijitoa. Mzee wa Hanang alijibu kwamba ng'ombe wake wameokoka.

Ndipo nikaupiga chapa ukurasa wa mbegu. Alikuwa ameishia katikati ya sentensi: "Punje uizamishe kiasi cha". Halafu nikaongeza: "vidole viwili, ncha ikitazama juu." Hiyo niliijua bila kuuliza mtu. Nikabonyeza hifadhi, nikalichukua lile jembe, nikaenda shambani.