Siku Niliyofunga Maji ya Kirua

Nikiwa na miaka hamsini na mbili, kitambi na miwani ya kusomea, nilijiandikisha shahada ya uzamili ya mawasiliano katika taasisi moja ya mjini. Wanafunzi wenzangu walikuwa na umri wa binti yangu. Waliniita "meku", yaani mzee, na kunibebea begi kwenye ngazi, jambo ambalo nilijifanya silipendi.

Tasnifu yangu ilihusu jinsi taarifa zinavyosafiri katika kamati ya mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji migombani huko Kirua Vunjo. Nilikuwa nimechora mchoro mzuri ajabu: visanduku, mishale ya kupanda, mishale ya kushuka. Kilichobaki ni kikao na wakulima kumi na wawili. Msimamizi wangu, aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nanyoa ndevu, alinipigia simu Alhamisi.

"Mzee wangu, sura ya nne bila wakulima ni hadithi tu. Isipofika mezani kwangu Jumatatu, utatetea mwakani."

Mwakani! Na ukoo mzima nilishautangazia joho.

Wakulima nilishawaalika kwa barua yenye mhuri. Nikaongeza ujumbe kwenye kundi lao la simu. Vikaja vidole gumba kumi na tisa. Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa kule juu na ndoo ya maandazi na kinasa sauti. Saa tano nilikuwa bado peke yangu, na maandazi manne tumboni.

Mwenyekiti wa mfongo, mama wa miaka sabini hivi, akapita na buti za mpira na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hawajaja?"

"Hata mmoja. Na kwenye simu walikubali wote!"

"Kidole ni kidole tu, baba. Unawataka kweli?"

"Mama, bila wao nimekwisha."

Akanipeleka hadi mdomo wa mfongo. Akasema sukuma jiwe lile, nikasukuma. Ziba hapo kwa maganda ya mgomba na udongo, nikaziba. Maji yakageukia mtoni.

"Sasa kaa," akasema.

Dakika ishirini hazikuisha. Wakaanza kuchomoza migombani na majembe na mapanga, mmoja bado ana povu la sabuni kichwani.

"Nani kafunga maji?"

"Zamu yangu haijaisha!"

"Huyu hapa," mwenyekiti akasema, bila hata chembe ya aibu. "Msomi. Ana maswali."

Nilihesabu huku nikirudi nyuma: ishirini na watatu!

"Faini kwanza," akasema mwenye povu. "Anayefunga maji bila zamu anasafisha mfongo."

"Lakini mwenyekiti ndiye..."

"Jiwe kasukuma nani?"

Wakaangua kicheko, wakanipa jembe. Nikaingia majini na suruali yangu ya mahojiano, kinasa sauti shingoni, nikauliza maswali yote kumi na manne nikizoa tope. Walijibu wakiwa ukingoni, wanakula maandazi yangu.

"Chimba ndani zaidi, meku! Enhe, rudia la saba."

"Mbona barua hamkuijibu?" nikauliza.

"Ilisema tunaalikwa," akajibu mmoja. "Anayealikwa si anaweza kukataa?"

Jumatatu nilisimama mbele ya msimamizi, maana mgongo ulikataa kukaa. Akasoma, akakunja uso.

"'Washiriki walihamasishwa kwa kusitishiwa huduma.' Maana yake nini?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika tarehe ya utetezi, mwezi huu huu.