Mama Viti Apewa Ngao

Mama Viti, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, mikono yake haijui kutulia: mmoja ukikusalimia, mwingine unafuta kiti. Kila penye mkutano yeye ndiye anayepanga viti, na watu wakishaondoka anavirudisha stoo peke yake, huku akijikanda kiuno. Leo, kwenye mkutano wa mtaa, wamempa ngao ya kujitolea. Mwenyekiti akamkabidhi kipaza sauti. "Haya mama, tuambie la moyoni." Akavitazama viti vyote vile, akashusha pumzi. "Mkitoka, kila mtu arudishe kiti chake stoo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakampigia makofi, wakampa mkono mmoja mmoja, wakaenda zao. Mlango wa stoo hujifunga wenyewe, basi akauzuia kwa ile ngao, akaanza na safu ya mbele.