Stelingi wa Mkono wa Kushoto

Fundi Shoto anakata vitambaa kwa mkono wa kushoto, anapiga pasi kwa mkono wa kushoto, na anasalimia kwa mkono wa kulia. Wa kulia alifundishwa, wa kushoto alizaliwa nao. Ameishi na mpango huo mpaka uzeeni na mikono yenyewe haijawahi kugombana, isipokuwa pale mteja anapomnyooshea mkono ghafla wakati ameshika mkasi.

Duka lake ni chumba kimoja. Kuna cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kuwekea vikombe. Kuna meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa unaomgawa kila mteja kiunoni, na benchi la wanaosubiri nguo. Wanaosubiri nguo kwa kweli hawakai. Wanaokaa ni Kinyozi, aliyestaafu baada ya macho yake kuanza kuchanganya nywele za watu na masikio yao, na Bibi Tochi, ambaye hajaleta nguo hapo siku nyingi, lakini ana nafasi yake upande wa ukutani na hakuna anayethubutu kuikalia.

Benchi hilo lina mada moja, nayo ni zamani. Zamani watoto walikuwa na adabu. Zamani mtoto akitumwa dukani anakwenda mbio, na akiulizwa swali na mtu mzima anajibu akiwa amesimama.

"Siku hizi wanakuamkia kwa kidole," Kinyozi anasema. "Mjukuu wangu ananitumia picha ya mkono unaopunga. Mkono wenyewe sio wake."

"Afadhali huo unapunga," anasema Bibi Tochi. "Wewe ulikuwa hupungi wala husalimii."

Kinyozi hujifanya hakusikia. Ni mbinu aliyoijua tangu utotoni.

Ng'ambo ya barabara, mahali palipo na duka la magodoro leo, palikuwa na ukumbi wa sinema. Bibi Tochi alifanya kazi pale tangu alipokuwa msichana. Alipokea tiketi mlangoni, kisha taa zikizimwa akawaonyesha watu viti kwa tochi. Kwa watoto alikuwa na neno moja tu. Mtoto aliyeingia bila kuamkia, au akiwa anatafuna, au akatoa tiketi kwa mkono wa kushoto, alirudishiwa tiketi yake na kuambiwa, "Rudia." Akatoka mpaka barabarani, akaingia tena kama mtu aliyezaliwa sasa hivi. Fundi, kwa mkono aliokuwa nao, alizaliwa mara nyingi sana kwenye mlango ule.

Jengo lilikuwa ghala kabla ya kuwa sinema, na kwa sababu ya nguzo zake kitambaa cha kuonyeshea picha kilitundikwa katikati. Mbele yake palipangwa viti vyenye migongo. Nyuma yake, ambako picha ilipenya ikaonekana pia, waliweka mabenchi ya nusu bei kwa ajili ya watoto. La kushangaza ni kwamba katika duka la Fundi hutampata mtu aliyekaa kwenye mabenchi hayo. Ukiwasikiliza wazee hawa, wote walikaa mbele, wamevaa viatu, mikono imetulia mapajani. Mabenchi ya nyuma lazima yalijazwa na watoto wa mtaa mwingine, ambao hawajapata kutokea kujitetea.

Picha waliyoipenda kuliko zote ilionyeshwa mpaka ikachubuka, ikawa kama inanyeshewa mvua mwanzo hadi mwisho. Jina lake halisi hawakulijua, maana hata lugha yake hawakuijua. Stelingi alivaa kofia pana, alikuwa na kovu shavuni, na alifika kwenye mji ulioonewa kwa sababu zilizoelezwa kinagaubaga katika lugha hiyo isiyojulikana. Kisha akachomoa upanga. Aliuchomoa kwa mkono wa kushoto.

Fundi alikuwa mtoto mdogo siku alipoliona jambo hilo. Nyumbani, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipigwa na mwiko kila ulipokaribia sahani. Na sasa hapa kuna mtu mzima, mwenye farasi wake mwenyewe, anatumia kushoto mbele ya mji mzima na hakuna anayemwambia arudie. Tangu siku hiyo mwiko haukumuuma vile tena. Alipokwenda kujifunza ushonaji, na bwana wake akamhamishia mkasi mkono wa kulia, alisubiri bwana ageuke, akaurudisha kushoto.

Haya yote yangebaki kuwa maneno ya benchi, kama binti yake asingepiga simu karibu na likizo za shule.

"Baba, mwalimu anasema herufi zake zinalala."

"Herufi za nani?"

"Za mjukuu wako. Anasema atumie mkono wa kulia kama wenzake, na wenzake nao wameshapata wimbo wa kumwimbia. Sasa hatumii mkono wowote. Haandiki, hachori. Mikono iko mfukoni kutwa."

"Mpe simu."

Simu ikapewa mtoto. Fundi alisikia tu pumzi.

"Wewe bibie," akasema, "unajua kwamba stelingi mkubwa kuliko wote alikuwa shoto kama mimi na wewe?"

Pumzi zikaendelea. Kisha: "Stelingi ni nini?"

"Ni yule ambaye haiwezekani afe."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya. Nilikaa viti vya mbele."

"Nionyeshe."

"Njoo likizo, nitakuonyesha."

Mama yake akarudi kwenye simu na kusema kwamba hilo ndilo jambo la kwanza mtoto kuomba tangu muhula uanze. Fundi akakaa na simu mkononi baada ya simu kukatika. Alikuwa ameahidi, na ameahidi kwa mtu ambaye kwa sasa hakuwa akimwamini mtu mzima yeyote.

Mtoto wa Kinyozi ndiye aliyeitafuta picha hiyo mtandaoni. Alipewa kofia na kovu, akarudi na picha. Kinyozi alishauri waiangalie kwanza kwenye simu. Fundi alikataa. Alisema ameiona mara za kutosha, na tena stelingi hawezi kuonekana akiwa na urefu wa kidole. Ilipasa aonekane mahali pake.

Mwenye magodoro aliwaruhusu siku ya Jumapili mchana, wakati duka limefungwa, kwa sharti kwamba mtu asibandue nailoni. Mpiga picha wa harusi alikuja na projekta. Fundi alishona kitambaa mwenyewe, shuka mbili nyembamba nyeupe, na mshono wa katikati akaupiga pasi mpaka ukatoweka. Kikatundikwa kati ya nguzo zilezile. Tiketi zilikuwa vipande vya bitana alivyovikata mraba.

Mjukuu alifika akiwa amevaa gauni lenye mifuko mirefu. "Shikamoo, babu," alisema, na mikono haikutoka. Mifuko ile aliishona Fundi mwenyewe.

Jumapili wazee walijaa. Bibi Tochi alisimama mlangoni, tochi mkono mmoja, mwingine ukipokea vipande vya bitana. Mtoto alipofika mbele yake alisita, akatoa mkono mfukoni na kunyoosha tiketi. Mkono ulikuwa wa kushoto.

"Rudia," akasema Bibi Tochi.

Lilimtoka kama chafya. Huenda angelirudisha kama lingerudishika. Mtoto aliirudisha tiketi mfukoni, akatoka mpaka barabarani, akaingia tena akiangalia sakafu, na safari hii alitumia mkono wa kulia. Fundi alisikia kitu ndani yake kikikwaruza, kama mkasi uliokutana na pini ndani ya kitambaa.

"Kaa na mimi," akamwambia. "Utamwona sasa hivi."

Walikaa juu ya magodoro, na kila mtu aliyejigeuza alisikika duka zima. Projekta ikawaka. Ikumbukwe kwamba hawa ndio wazee waliokuwa wakisikitikia adabu za watoto wa leo. Simu ya mmoja iliita na akaipokea. Wawili walibishana kuhusu jina la farasi. Kinyozi aliwasimulia waliokuwa karibu naye kila kitakachotokea kabla hakijatokea.

"Angalia sasa, anaingilia kushoto."

Stelingi akaingilia kulia.

"Wamekata hapo," akasema Kinyozi. "Sasa hivi kovu litaonekana, shavu la kulia."

Kovu lilionekana shavu la kushoto. Kinyozi akanyamaza kidogo, jambo lililowashtua walio karibu naye. Halafu mji ukatulia, adui akacheka, na stelingi akapeleka mkono kiunoni.

"Babu," akasema mtoto. "Huo ni wa kulia."

"Subiri."

"Atabadilisha?"

"Subiri kwanza."

Stelingi hakubadilisha. Aliwamaliza watu watatu kwa mkono wa kulia, akafuta upanga kwa mkono wa kulia, akamshika mkono mama mzee wa mji ule kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. Godoro likalia kidogo. Mtoto alikuwa amesogea, akaacha nafasi kati yake na babu yake ya kumtosha mtu mwembamba. Mikono ilikuwa mfukoni.

"Hii siyo yenyewe!" akapaza sauti Kinyozi. "Wameigeuza!"

"Mzee, kama mnataka niigeuze, ni kubonyeza hapa tu," akasema mpiga picha.

Mwanga wa tochi ukampata usoni.

"Bonyeza uone," akasema Bibi Tochi. Alikuwa amesimama pembeni muda wote, kama alivyosimama ujana wake wote. "Haijageuzwa. Nimeiona kila wiki kutoka upande huu. Huyu bwana ni wa kulia tangu aanze kazi."

"Sasa sisi tuliona nini?"

"Mliona mgongo wake. Mlikaa nyuma ya kitambaa, nyinyi nyote. Huko kulia ni kushoto." Tochi ikahamia kwa Kinyozi. "Wewe ulikuja peku, ukapitia dirisha la choo, kwa hiyo hata hiyo nusu bei hukulipa."

Magodoro yalilia kwa pamoja, kisha yakanyamaza kwa pamoja. Tochi ikasogea mpaka ikamfikia Fundi, ikakaa hapo.

"Na wewe ulikaa benchi la pili, pembeni kabisa. Umeukalia mkono wako ili nisiuone. Nilikuwa nauona."

Mtoto aligeuka akamtazama babu yake. Alimtazama mkono hasa, ule wa kushoto, ambao wakati huo, bila mwenyewe kujua, ulikuwa umejificha chini ya paja.

Bibi Tochi akaishusha tochi ikamulika sakafu, duara dogo la mwanga mbele ya miguu yao, kama alivyokuwa akifanya kwa wenye viti vya bei ya juu.

"Nifuateni," akasema.

Walimfuata katikati ya magodoro. Akainua pindo la kitambaa, wakapita chini yake. Nyuma palikuwa na mito iliyorundikwa na sakafu yenye viraka vya saruji, kimoja kimoja, mahali palipong'olewa miguu ya mabenchi. Fundi hakuhitaji kuonyeshwa. Alikwenda mpaka penye safu ya pili ya viraka, pembeni, akamwekea mtoto mto, akajiwekea na wake.

Juu yao stelingi alikuwa akipanda ngazi. Kovu lilikuwa shavu la kulia. Adui alitokea upande ambao adui alipaswa kutokea. Na upanga ulipochomoka, ulichomoka kwa mkono wa kushoto, taratibu, mbele ya mji mzima.

Adui alipoanguka, mtoto alimgeukia babu yake.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye."

"Kwa hiyo hukudanganya."

"Nilidanganya kuhusu viti."

Akafikiri. "Hiyo si kitu," akasema, akatoa mkono mmoja mfukoni na kuuweka juu ya mto, akauacha hapo mahali pa wazi.

Kelele za nailoni zikasikika zikija. Alikuwa Kinyozi, amejitwika godoro, na nyuma yake wengine, wakipita chini ya pindo mmoja mmoja huku wakiinama. Mbele alibaki mpiga picha na projekta yake, na mwenye magodoro akawa mtazamaji peke yake. Huku nyuma Kinyozi hakuwa na cha kusimulia, maana kila kitu kilikuwa kikitokea vile alivyosema. Walikaa kimya, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza ilikuwa rahisi kuamini kwamba waliwahi kuwa watoto wenye adabu.

Mlangoni, wakati wa kutoka, mtoto alisimama mbele ya Bibi Tochi.

"Asante, bibi," akasema, na akanyoosha mkono wa kushoto. Hakuunyoosha kwa kusahau. Alikuwa akimtazama usoni.

Bibi Tochi aliuangalia mkono ule kwa muda. Kisha akatoa wa kwake, wa kushoto, akaupokea.

Jambo hilo lilijadiliwa kwenye benchi asubuhi iliyofuata.

"Mbona hukumwambia arudie?" akauliza Kinyozi.

"Mkono wa kulia ulikuwa na tochi."

"Tochi ulikuwa umeshaiweka kwenye mkoba. Nimekuona."

"Wewe ulipitia chooni," akasema Bibi Tochi. "Mambo ya mlangoni utayajuaje?"

Fundi alikuwa mezani akikata suruali. Upande wa pili wa meza alikaa mjukuu wake na kipande kilichobaki cha zile shuka, na chaki ya buluu ya fundi katika mkono wa kushoto. Alikuwa amechora kofia pana, kovu, upanga. Chini yake aliandika jina la stelingi, jina alilompa mwenyewe, na herufi zake zililala kidogo zote upande mmoja, kama watu wanaotembea kwenye upepo. Alipomaliza aliinua kitambaa akakielekeza mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza. Upanga ukahamia mkono wa kulia.

"Babu. Wa mbele wataona hivi."

Fundi aliangalia juu ya miwani, mkasi ukiwa umesimama katikati ya mguu wa suruali.

"Waache waone," akasema. "Sisi tunakaa nyuma."