Bahasha Iliyokaa Siku Tisa

Simu ilipoita, Dada alikuwa anakata mikono ya sare ya shule. Mtaa mzima ulimwita hivyo fundi cherehani huyu, hata wazee.

"Shikamoo Dada. Nafanya kazi na mdogo wako kiwandani. Uko na mtu hapo karibu?"

"Sema tu, kaka."

"Ameanguka kwenye ngazi za chuo, akienda darasani. Ametutoka, Dada. Mkewe yuko naye hapa hospitali tangu saa kumi na mbili jioni."

Mkasi ulimponyoka. Kabla machozi hayajafika, lilitangulia jambo ambalo baadaye alilitubu kwa magoti: tangu saa kumi na mbili! Yaani hata hili, wifi kajua kwanza.

Wazazi walifariki Dada akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Alikaa kwenye cherehani akamsomesha mdogo wake, aliyeitwa Spana kwa sababu hakuna kitasa kilichosalimika mikononi mwake. Spana akawa fundi wa kiwanda cha maji ya chupa, akiuhudumia mkono wa chuma unaopanga kreti. Kila jambo lake lilipitia kwa Dada: kazi, kiwanja, hata posa. Mpaka alipotaka shahada ya uzamili ya akili unde na roboti.

Hilo alilipanga na mkewe, mwalimu wa hesabu. Dada alikuta ratiba mbili zimebandikwa kwenye friji kwa kalamu za rangi. Ya kwanza, kusoma muda wote: miaka miwili, kazi aache. Ya pili, kusoma jioni na Jumamosi: miaka minne, kazi ikiendelea.

"Dada, utushauri," Spana alisema. "Sisi tunaona muda wote."

"Mmeshaona. Mimi niangalie nini tena?"

"Usinune bwana. Roboti yangu ya kwanza nitaifundisha kushona, upumzike."

"Ifundishe kwanza kukunja shuka zako."

"Hapo umenena, wifi!" mkewe alicheka, na kicheko kile kikamchoma Dada zaidi.

Sanduku la posta lilikuwa la familia, na ufunguo ulikaa kwa Dada. Bahasha ya chuo ilipofika, aliipapasa, akaitia katikati ya Biblia yake. Hakuifungua, hakuichana. Alitaka tu, kwa siku chache, awe na kitu cha Spana ambacho wifi hakijui. Siku ya tisa roho ilimsuta katikati ya sala, akaipeleka.

"Imefika leo," alisema.

Muda wa kuthibitisha nafasi ya kusoma muda wote ulikuwa umepita siku mbili nyuma. Spana alisoma barua mara mbili, akabandua ratiba moja kwenye friji. "Basi, jioni."

Mwaka na nusu alitoka kiwandani akaingia darasani, akakonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu. Daktari alisema kilichomuua ni mshipa wa kichwa, ungeweza kupasuka hata akiwa kitandani. Dada alimsikia. Kumwamini kulimshinda.

Asubuhi ya mazishi wifi alimletea koti la marehemu.

"Kifungo kimelegea. Nguo zake ulishona wewe."

Dada alishona mpaka uzi ukaisha, akakaa na sindano mkononi. Mungu alimwona siku zote tisa. Sasa alibaki huyu wa kuambiwa.

"Wifi, ile barua ya chuo nilikaa nayo siku tisa."

"Tulijua. Posta waligonga muhuri wa tarehe iliyofika kwenye bahasha."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Dada kaona wivu. Kosa langu, ningeanzia kwake.' Akakata shauri nisikuulize." Wifi alipokea koti, akakivuta kifungo kuona kama kimeshika. "Mimi nilikasirika sana. Nilikuonea wivu, unasamehewa hata hujaomba."

Dada alimwomba msamaha, wifi akaitikia kwa kichwa.

Walimzika saa nane mchana, amevaa koti lile. Wenzake wa kiwandani walibeba jeneza, mchungaji akasali sala fupi. Mjane alipoitwa kutia udongo wa kwanza, alimvuta Dada mkono, wakatia pamoja. Kisha wanaume wakachukua makoleo, kaburi likajaa. Watu waliimba wimbo mmoja, wakaenda zao.