Maneno Kwenye Suti ya Bwana Harusi

Mume wangu ni fundi picha, na mdomo wake una kufuli. Miaka thelathini ya ndoa, maneno aliyonisemesha hayajai kibaba. Akiwa na la kusema huliandika kwa chaki kwenye ubao mweusi, akalipiga picha, kisha akarudisha mwanzo mkanda wake wa picha thelathini na sita na kupiga watu juu yake. Picha zikisafishwa, mtu anatokea na maandishi mwilini. Mwenyewe anaita sanaa. Mteja mmoja wa picha ya paspoti, aliyejikuta na “Mvua imechelewa” kwenye paji la uso, aliita jina jingine ambalo silirudii hapa.

Nikaweka sheria: mikanda ya chaki kopo la bluu, mikanda mipya kopo jekundu.

Binti yetu wa pekee alipoposwa na kijana wa mbali, baba yake akazidi kuwa bubu. Wiki tatu hakumtazama mtoto usoni. Binti akaja kunililia: “Mama, baba hataki niolewe. Ndiyo niondoke na kinyongo chake?” Mimi nilikuwa na hasira za kutosha watu wawili. Nikamwendea mzee: “Harusi utapiga wewe, na sitaki kuona herufi hata moja!” Akaitikia kwa kichwa.

Siku moja kabla ya harusi nilisafisha rafu yake. Makopo nikayaosha, mikanda nikairudisha. Nilivyoirudisha, Mungu ndiye ajuaye.

Asubuhi baada ya harusi, mizigo ya binti ikiwa mlangoni, mzee akatoka chumba cha giza na picha mbichi, uso umemshuka. Lahaula! Maandishi. Kwenye gauni jeupe hayakuonekana, yote yaliangukia suti nyeusi ya bwana harusi. Mkwe wangu kasimama wima, kifuani kaandikwa: “Nani atanicheka nikivaa soksi zisizofanana?” Ya pili, wanakata keki, begani: “Kiti chako sikiondoi mezani.”

Mkwe akauliza kama suti inafulika. Nikamwambia anyamaze.

Binti alizisoma picha zile mara mbili, machozi yanamtiririka.

“Baba, kumbe? Mbona hukuniambia?”

“Nimekwambia mara thelathini na sita,” akasema mume wangu. “Ngoja, nyingine hazijakauka.”