Kwa Miguu Hadi Komarock, Kulipia Swara wa Baba

Ndugu zangu wa Machakos, mnanijua: wageni wakija mimi huwa jikoni. Ndiyo maana naandika badala ya kusema. Mmesikia kwa Shangazi kwamba nilimvunjia heshima nyumbani kwake. Sasa sikieni safari yenyewe.

Tulitoka kwa sababu ya Kioko, mdogo wangu mwenye kifafa. Shangazi, dadake baba, alituma neno kwamba kikundi chake cha maombi kimeonyeshwa chanzo cha ugonjwa. Baba anachonga sanamu, Mungu amekataza sanamu, basi mtoto analipa. Baba achome kazi yake yote. Mama naye amlete Kioko kwake Komarock kwa miguu, tukiwa tumefunga, na vidonge vya kliniki viachwe ili imani ionekane. Baba alicheka, akasema swara na twiga wake hajaona mtu akiwasujudia. Mama hakucheka. Alifunga kichupa cha vidonge kwenye pindo la leso, akasema atamkabidhi Shangazi. Mama huyohuyo ambaye hajawahi kunywa chai kabla Kioko hajameza kidonge chake! Nilikasirika hata nikashindwa kufunga kamba za viatu.

Makongeni kwetu, Jumamosi asubuhi. Vijana wa mtaa walikuwa wamekaa ukutani kama kawaida yao. Walipotuona na Kioko mgongoni kwa mama, mmoja akauliza, "Niaje Mwende, mnahama bila vyombo?" Wenzake wakacheka. Nikatazama chini nikapita. Barabara ya Jogoo tuliifuata pembenipembeni, Kioko akitembea kidogo, akibebwa kidogo, akiuliza kila mara kama kwa Shangazi kutakuwa na chapati. Nilimwambia labda. Ningemwambiaje kwamba hata yeye amefungishwa?

Donholm, jua limeshachoma. Tulipumzika kwenye kivuli cha duka la mama mmoja Msomali anayeuza mchele na sukari. Alituletea maji kwenye jagi. Mama akayakataa, akamweleza kwamba tumefunga.

"Na huyu mdogo pia?"

Mama akaeleza kwa sauti ya chini habari ya dhambi ya baba kumfuata mtoto. Yule mama alisikiliza huku akikunja mdomo wa gunia, akaukunja tena.

"Mimi nilikimbia vita na watoto wanne," akasema. "Nilifika Kenya na wawili. Hebu niambie, dada yangu, wale wengine walilipia nini?"

Mama akasema pole. Tukaondoka na kiu yetu.

Komarock, mchana. Wanawake wa maombi walikuwa wameshajaa sebuleni. Mama alikabidhi kichupa, Shangazi akakiweka mezani kando ya Biblia. Mimi sikuwa naangalia kichupa. Juu ya kabati la televisheni, kila mmoja kwenye kitambaa chake cheupe kilichofumwa, walisimama swara wa baba. Niliwajua. Baba huchonga, mimi hupiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Yule wa katikati ana ufa sikioni ambao niliuziba mwenyewe kwa nta na vumbi la mbao. Mumewe Shangazi ndiye huwachukua kwa baba na kuwauzia watalii. Ndiyo biashara iliyojenga ile nyumba.

Maombi yalipopamba moto Kioko alianguka, akaanza kutetemeka. Shangazi akatukataza kumgusa, akasema laana inatoka. Nilimgusa. Nilimlaza ubavu, kama nesi alivyotufundisha, nikamshika kichwa mpaka kifafa kikapita. Halafu nikasikia mtu akisema, kumbe ni mimi.

"Shangazi, kama kuchonga ni dhambi, kuuza ni nini?"

Shangazi akaniuliza nasema nini.

"Hawa ni swara wa baba. Laana imewapitaje hapa sebuleni, ikaenda mpaka Makongeni kumtafuta Kioko?"

Mwanamke mmoja akakohoa, na hakikuwa kikohozi. Shangazi akasema mtoto wa sekondari hajui mambo ya kiroho, na hivyo vyake ni mapambo tu.

"Na vya baba ni nini?"

Hapo ndipo nilipovunja heshima. Sikani. Lakini mama aliinuka, akachukua kichupa mezani. "Wifi, acha turudi," akasema, akambeba Kioko.

Donholm tena, jioni. Yule mama wa duka alituona akaleta lile jagi bila kuuliza. Kioko alimeza kidonge, kisha mama akanywa, akanywa tena, machozi yakiingia kwenye kikombe.

Makongeni. Njia nzima nilikuwa nikijisifu kwamba baba hayaamini haya. Tulimkuta nyuma ya nyumba, swara na twiga wote wamerundikwa, kopo la mafuta ya taa miguuni, kiberiti mkononi. Hakuwa amewasha. Alikuwa anatungoja tu, aambiwe. Ndipo nikajua neno kama lile la Shangazi linafanya nini. Linamfikia hata anayelicheka, na wa kwanza kujihukumu ni mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Mama aliliangalia lile rundo, akaliokota kopo.

"Haya ni ya jiko," akamwambia. "Kioko hajala tangu jana."

Nami nikaanza kuwarudisha ndani swara, mmoja mmoja, nikiwapangusa vumbi.